Mbwa mzee anakohoa usiku: ni vumbi au ni moyo?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Kisasa, Dodoma. Nina mbwa jike mdogo wa manyoya, ana miaka 11. Tangu Julai anakohoa usiku na alfajiri. Nilidhani ni vumbi la kiangazi. Dukani nikapewa dawa ya minyoo na antibayotiki, hakuna nafuu. Jirani anasema ni moyo. Kwani mbwa naye huugua moyo?

Jibu: Marahaba. Huugua sana, ila si kama sisi. Mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta ni nadra kwa mbwa. Kwa hawa wadogo kinachochakaa ni vali, yaani kilango cha damu ndani ya moyo, ya upande wa kushoto. Inavimba kingo na kujikunja, kama mlango wa bati uliopinda: umeufunga, lakini upepo wa Dodoma bado unapenya. Kila pigo, damu kidogo inarudi nyuma. Moyo unatanuka miaka na miaka, na ukizidiwa, maji hujaa mapafuni.

Kikohozi peke yake hakinitoshi. Vumbi hukohoza, koo la hewa lililolegea hukohoza pia, na mbwa wadogo wanalo sana. Mimi naamini pumzi. Mhesabie usiku akiwa usingizini, maana mchana wa joto kila mbwa huhema. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha mara 2. Ikizidi 30 kwa dakika usiku baada ya usiku, mlete.

Mtazame ufizi pia. Ukiwa mweupe, huenda ni homa ya kupe imemmaliza damu, na upungufu wa damu nao huufanya moyo uvume ukipimwa.

Daktari atasikiliza, kisha picha au ultrasaundi ionyeshe kama moyo umetanuka. Ukiwa umetanuka, pimobendani, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, huanzishwa hata kabla ya maji kujaa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha inachelewesha hali hiyo kwa miezi 15 hivi. Maji yakishajaa, tunaongeza furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini. Atakojoa sana, na tafadhali usimnyime maji ya kunywa. Vidonge vya presha vya bibi viacheni kabatini. Dagaa wa chumvi na supu ya mezani, usimpe tena.

Andika hesabu zako za wiki nzima, uje na hiyo karatasi. Lakini akikataa kulala, akakaa ametanua viwiko na ulimi umegeuka samawati, usingoje kupambazuke.