Kikomo cha kadi kikipita mshahara: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua nne za mwezi huu zimetoka Iringa, Mwanjelwa, Tukuyu na Njombe, nazo zote zinauliza habari za kikomo cha kadi ya mkopo, au limiti kama wengi mnavyoiita. Nakumbusha kwa ufupi kwamba hatuzungumzii kadi ya kawaida ya kutolea pesa zako mwenyewe. Tunazungumzia ile ambayo benki inakulipia kwanza, kisha inakudai baadaye, na kikomo ni kiasi cha juu inachokubali kukudai kwa wakati mmoja.

Kamwene, Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa mjini. Mwaka jana benki ilinipa kadi ya mkopo yenye kikomo cha shilingi 1,500,000, na sijawahi kuchelewa kulipa. Kaka yangu anayeishi Marekani ananiambia niombe kikomo kipandishwe hadi milioni tano hata kama sitazitumia, kwa sababu kwao kikomo kikubwa humfanya mtu aaminiwe zaidi. Je, ushauri huo unafaa kwetu, na nifanye nini ombi lisikataliwe? Nimeambatisha hati yangu ya mshahara. Nina pia mikopo midogo ya simu, ila hiyo si kitu.

Kamwene, Mwalimu. Kaka yako hajakudanganya, ila amekueleza mambo ya kwao. Nchini Marekani alama ya FICO, ambayo hupima jinsi mkopaji anavyoaminika na huanzia 300 na kuishia 850, hupata asilimia 30 ya uzito wake kutokana na madeni aliyonayo mtu, na jambo linalotazamwa sana humo ni uwiano kati ya deni lililoko kwenye kadi na kikomo chake. Anayedaiwa dola 900 kwenye kadi yenye kikomo cha dola 1,000 huonekana amebanwa. Akipandishiwa kikomo kikafika dola 5,000 bila kuongeza deni, huonekana ana nafasi, ingawa mfukoni mwake hakuna kilichobadilika. Ni kama kuhamisha unga kutoka kwenye kisado kuutia kwenye debe: unga ni uleule, ila sasa unaonekana kidogo.

Huku kwetu kumbukumbu za wakopaji zipo pia. Benki hupeleka taarifa kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo Tanzania, huandaa ripoti ambayo benki huisoma kabla ya kukujibu. Hata hivyo, ripoti hiyo humweleza afisa mikopo kama wewe ni mlipaji. Swali la kiasi gani hulijibu kwa kutazama hati ya mshahara, nami nimeitazama yako kwa jicho lake. Mshahara wa msingi ni shilingi 1,000,000. Bodi ya Mikopo inachukua 150,000, mfuko wa pensheni wa PSSSF 50,000, bima ya afya 30,000, chama cha walimu 20,000 na kodi 115,500, kisha SACCOS, yaani chama chenu cha akiba na mikopo, inakata 250,000. Unabaki na 384,500. Kwa kuwa mtumishi wa umma hutakiwa abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 333,333 kwako, nafasi iliyobaki haifiki 52,000 kwa mwezi. Ni kweli kwamba deni la kadi halikatwi na mwajiri, lakini afisa makini hutumia kipimo hichohicho, kwa sababu anajua kwamba kadi ya milioni tano ikitumika yote, na kiwango cha chini cha kulipa kikiwa asilimia tano, itakudai 250,000 kila mwezi. Hizo huna.

Kwa hiyo usiombe sasa. Subiri mkopo wa SACCOS uishe, chukua barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, kisha uombe. Katika muda huo lipa ile mikopo midogo ya simu uliyoitaja kana kwamba si kitu. Nyuma yake kuna benki, na kuisahau kwa wiki mbili kwa sababu ni shilingi 15,000 tu kunaweza kukuchafulia ripoti sawasawa na kusahau deni la milioni. Omba pia nakala ya ripoti yako uisome, maana una haki ya kuipata na kudai kosa lisahihishwe, na nimewahi kuona mtu amenyimwa mkopo kwa deni alilokuwa amelimaliza miaka miwili kabla. Mimi ningeomba milioni mbili na nusu. Milioni tano kwa mshahara huo ni fahari ya kuoneshana na kaka.

Ndugu Mshauri, nauza vipuri vya pikipiki Mwanjelwa, Mbeya. Kadi yangu ina kikomo cha milioni nane, na niliambiwa ina siku 50 bila riba. Nilinunua mzigo tarehe 18 Julai, nikalipa tarehe 30 Agosti, yaani siku 43, na bado nimetozwa riba. Benki imeniibia? Pili, nataka kikomo kifike milioni 20 ili mimi na wenzangu wawili tuagize mzigo kutoka Guangzhou kwa kadi hiyo. Taarifa ya kadi hufungwa tarehe 25 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15.

Benki haijakuibia, ndugu yangu, ila aliyekueleza alikupa nusu ya maneno. Siku 50 hazihesabiwi kuanzia siku uliyonunua. Taarifa yako ikifungwa tarehe 25, kila ulichonunua kuanzia tarehe 26 Juni hadi 25 Julai huingia kwenye ankara moja, na ankara hiyo hulipwa ifikapo 15 Agosti. Aliyenunua tarehe 26 Juni amepata siku 50 kamili. Wewe uliyenunua tarehe 18 Julai ulikuwa na siku 28, na aliyenunua tarehe 24 Julai alikuwa na 22 tu. Ulipolipa tarehe 30 Agosti ulikuwa umechelewa kwa siku 15. Ungengoja hadi tarehe 26 Julai ndipo ununue, ungekuwa na nafasi hadi 15 Septemba. Andika tarehe hiyo ya 26 ukutani dukani, karibu na kalenda ya marejesho.

Jambo la pili, ambalo wengi hulijua baada ya kuumia, ni kwamba nafuu hiyo humpata anayelipa ankara yote. Kwa kadi nyingi, ukibakisha hata kidogo, riba hurudi nyuma na kuhesabiwa tangu siku ya manunuzi, na manunuzi mapya nayo huanza kutozwa bila kusubiri.

Sasa tuje kwenye milioni 20. Fuata mzigo wako njiani. Unalipa leo, mwenye kiwanda anautengeneza au kuufungasha, wakala anausubirisha mpaka kontena lijae, meli inasafiri wiki kadhaa, unafika bandari ya Dar es Salaam, unatolewa, unapakiwa kwenye lori na kupanda zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Kabla bodaboda wa kwanza hajaja kuulizia chaini na sprokete, ankara imeshafika na pengine ya pili inafuata. Utalipa deni kwa pesa za mzigo wa zamani, au hutalipa. Kadi inafaa kwa mzigo unaouzika kabla ya tarehe ya kulipa. Ukinunua Kariakoo tarehe 26, ukaupakia kwenye basi usiku, kesho yake jioni uko Mwanjelwa, na una wiki saba za kuuza. Huo ndio mzunguko wa kadi, na kwa huo milioni nane zinakutosha ukizizungusha vizuri. Mzigo wa meli unataka mkopo wa biashara wa miezi sita au zaidi, wenye riba ya chini kuliko ya kadi, hata kama karatasi zake zinachosha.

Kuhusu wenzako wawili, kadi ni yako na deni ni lako peke yako. Mmoja akipata msiba au akageuka, benki haimjui. Mkitaka kushirikiana, andikisheni kampuni au mkusanye pesa kabla ya kuagiza.

Ukiendelea kununua mtandaoni, kumbuka pia kwamba ukipewa kikomo cha milioni 20, mwizi aliyepata namba za kadi yako naye amepewa milioni 20. Iombe benki iweke ukomo mdogo wa manunuzi ya mtandaoni kwa siku, uupandishe siku ya kuagiza na kuushusha baadaye. Na tovuti ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa fedha ya muuzaji, chagua ya muuzaji, maana kubadilishiwa fedha na muuzaji kwa kawaida huwa ghali zaidi.

Mshauri, mimi ni mama mkulima wa parachichi karibu na Tukuyu. Nimeomba kadi ya mkopo nikaambiwa sina hati ya mshahara. Nauza kwa kampuni za kusafirisha nje na pesa ni nzuri, lakini zinakuja kwa msimu. Nifanyeje?

Mama, benki haikukataa pesa zako. Imekataa kwa sababu haioni mwendo wake. Ukilipwa taslimu shambani, au ukilipwa kwenye akaunti ukatoa zote siku hiyohiyo, taarifa ya akaunti haina cha kukusemea. Acha malipo ya misimu miwili yapite benki, tunza stakabadhi za uzani na mikataba ya kampuni, ndipo urudi. Njia fupi zaidi ni kuuliza kama benki yako inatoa kadi inayodhaminiwa na amana: unaweka, tuseme, milioni tatu kwenye amana ya muda maalumu, benki inazifunga na kukupa kikomo cha sehemu kubwa ya kiasi hicho. Amana inaendelea kupata riba, na usipolipa benki inachukua humo.

Ila nikuulize: kadi inataka nini kwako? Ankara huja kila mwezi, na parachichi hazichumwi kila mwezi. Ukinunulia mbolea na dawa kwa kadi miezi mitano kabla ya kuchuma, utalipa riba miezi yote hiyo. Mkopo wa kilimo unaolipwa baada ya mavuno ndio uliokatwa kwa kipimo chako. Kadi ya amana ichukue kwa mambo madogo, kama tiketi ya ndege ya Songwe au ada ya mtoto inayolipwa mtandaoni, na kikomo kibaki kidogo.

Shikamoo, Mshauri. Mimi ni muuguzi Njombe. Benki ilinitumia ujumbe kwamba kikomo changu kimepanda kutoka milioni mbili hadi nne, bila mimi kuomba. Wakati wa harusi ya mdogo wangu nilitoa milioni mbili kwenye ATM kwa kadi hiyo. Riba ni asilimia tatu kwa mwezi. Nalipa kiwango cha chini, asilimia tano, kila mwezi, lakini deni halishuki. Mshahara unaonifikia ni 820,000.

Marahaba, binti yangu. Deni linashuka, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mwezi wa kwanza milioni mbili ziliongezwa riba ya 60,000, ukalipa 103,000. Kwa hiyo ni 43,000 tu zilizopunguza deni. Ukiendelea hivyo mwaka mzima utakuwa umelipa kama 1,100,000, na bado utadaiwa kama 1,540,000. Karibu 640,000 zitakuwa zimeliwa na riba, tena sijahesabu tozo ya kutoa taslimu. Pesa zikitolewa kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida hazina siku za nafuu hata moja: riba huanza siku ileile. Michango ya harusi ni afadhali kuikosa kuliko kuitoa huko.

Acha kutazama kiwango cha chini kwenye ankara. Ukilipa 250,000 kila mwezi bila kutumia tena kadi, utamaliza mwezi wa kumi, na riba yote itakuwa kama 320,000. Najua 250,000 ni pesa nyingi kwa mshahara wako. Kama SACCOS ya kazini kwenu inatoza riba ya chini kuliko asilimia tatu, kopa huko, lipa kadi yote siku moja, ubaki na deni moja la bei nafuu.

Kuhusu kupandishiwa usichoomba, mchezo huo ni wa zamani. Septemba 1958, Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, ambao hawakuziomba, zikiwa na vikomo vya dola 300 hadi 500. Wengi hawakulipa na benki ilipata hasara kubwa, lakini haikuacha biashara hiyo, kwa kuwa anayelipa kidogokidogo ndiye mteja mwenye faida. Mwaka 1970 Marekani ilipiga marufuku kumtumia kadi asiyeiomba, na sheria ya mwaka 2009 ikaitaka benki ipime uwezo wa mtu kulipa kabla ya kumwongezea kikomo. Benki iliyokuongezea wewe imeona unalipa bila kukosa. Haijaona kwamba unalipa riba tupu.

Una haki ya kukataa. Andika barua kwa meneja wa tawi, taja tarehe ya ujumbe uliopokea, omba kikomo kirudishwe milioni mbili, na deni likiisha kishushwe hadi laki tano, huku utoaji wa taslimu ukifungwa kabisa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nakala hiyo ndiyo utakayoanza nayo iwapo tawi litanyamaza na ikakubidi upeleke malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini.