Jibu: Siku mbili Ortigia
Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha kutembelea Ortigia, kisiwa chenye mji mkongwe wa Siracusa huko Sisilia. Zinatosha, ila usikimbilie ufukweni kabla ya kuingia kanisa kuu, lililojengwa ndani ya hekalu la Athena la karne ya 5 kabla ya Kristo, ambalo nguzo zake nene bado zimeshikwa na ukuta, nawe unaweza kuzigusa kwa kiganja. Asubuhi pita sokoni, karibu na magofu ya hekalu la Apollo; kisha ule granita ya lozi, ile barafu laini, kwa mkate wa brioche, kifungua kinywa ninachokipenda mno wakati wa joto. Cala Rossa ni ufuo wa kokoto. Mchanga mweupe uko Fontane Bianche, kusini mwa mji.