Baba anasema yeye si panya

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ni mkulima wa zabibu huku Hombolo, na mwezi ujao atafanyiwa operesheni ya ngiri Dodoma mjini. Daktari amemwambia aache sigara kuanzia sasa, la sivyo kidonda kitasumbua kupona. Baba amesikia utafiti wa sigara na vidonda hufanyiwa panya na sungura, naye anajibu, "Mimi si panya." Wewe unayetibu wanyama, unasemaje? — Binti wa Hombolo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe baba pole. Hoja yake si ya kupuuzwa, maana ngozi ya panya kweli si ngozi ya mtu.

Aliyewahi kuchuna sungura anajua ngozi inavyovuka kama shati. Ya panya nayo imelegea, na chini yake kuna msuli mwembamba unaovuta kingo za jeraha zikutane. Kidonda chake hufunga zaidi kwa kusinyaa. Ya kwetu imeshikamana na nyama, kwa hiyo jeraha lililo wazi hutegemea zaidi nyama mpya ijae chini, kisha ngozi itambae juu yake. Watafiti wanalijua hilo. Ndiyo maana wengine hubandika pete ya silikoni kuzunguka kidonda cha panya kisisinyae, na wengine hutumia sikio la sungura, ambako ngozi imekaza juu ya gegedu, yaani mfupa laini wa sikio. Nguruwe ndiye anayetukaribia zaidi kwa ngozi, ila kumtunza ni gharama kubwa.

Kuna tatizo jingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi: moshi wenyewe. Panya hupumua kwa pua tu, na pua yake huchuja chembe nyingi kabla hazijafika mapafuni. Kwa hiyo majaribio mengi huacha moshi na kumpa mnyama nikotini, kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu azoee sigara, peke yake. Mwaka 1978 mtafiti Mosely na wenzake walichapisha kwamba nikotini ilichelewesha vidonda vya masikio ya sungura. Lakini mwaka 2001 watafiti wengine walionyesha kuwa kiasi kidogo cha nikotini kiliharakisha kuota kwa mishipa ya damu kwa panya. Hawa wote wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu sigara si nikotini tu. Ina kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ina sianidi, sumu inayozuia seli kuitumia hata oksijeni kidogo iliyofika.

Kwangu mimi, mnyama ametuonyesha njia ambayo madhara hupitia: mishipa midogo inabana, oksijeni inapungua, kidonda kinakosa nguvu. Kipimo cha wiki ngapi baba aache hakikutoka kwa panya. Kimetoka kwa watu.

Mwaka 2002 madaktari wa Denmark walichapisha utafiti wa wavutaji 120 waliokuwa wakisubiri kubadilishiwa nyonga au goti. Waliosaidiwa kuacha au kupunguza wiki 6 hadi 8 kabla walipata matatizo asilimia 18. Wenzao wasiosaidiwa, asilimia 52. Mwaka uliofuata, huko huko Denmark, watu waliojitolea walikatwa vidonda vidogo kwa makusudi. Vya wavutaji viliingia maambukizi asilimia 12, vya wasiowahi kuvuta asilimia 2. Walioacha kwa wiki 4 walipungukiwa na maambukizi, hata waliobandikwa kiraka cha nikotini, kile cha ngozini kinachotoa nikotini bila moshi. Kwa hiyo baba akishindwa na kiu ya sigara, amuulize daktari wake kuhusu kiraka.

Nakuomba na jambo moja kwa ajili ya wanyama hao. Wanaumia. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mtafiti anayemkata sungura bila ganzi wala dawa ya maumivu hana cha kunieleza. Lakini jibu likishapatikana, kulitupa ni kumtesa bure mnyama aliyelitoa.

Baba aache leo. Hata zikibaki siku chache, kaboni monoksaidi hupungua sana mwilini ndani ya siku moja au mbili. Amwambie daktari wa usingizi ukweli wote: sigara ngapi kwa siku, na ya mwisho lini. Operesheni ikiisha asiwashe nyingine. Nyuzi zikitolewa, ngozi ya juu huwa imeshikana, lakini nyama ya ndani, ile inayozuia ngiri isirudi, bado ni changa kwa wiki kadhaa.