Nyumba Malindi tafuta wakati wa mvua

Desemba ya juzi mwenye nyumba wangu wa Muyeye alinitumia meseji, eti kuanzia Januari kodi ni 9,000, nami nalipa 6,500 kwa bedsita, chumba kimoja na choo chake, ambayo hata mlango wa choo haufungi. Nikapandwa na hasira nikaanza kutafuta nyingine siku hiyohiyo na hapo ndo nilipokosea. Desemba ni siizoni, hoteli zimejaa, wafanyakazi wa bara wamerudi huku Pwani, vyumba vya karibu na bichi wenyewe wanavikodisha kwa siku kwa wageni, we wa kodi ya mwezi unaonekana ka umekuja kuomba. Nikazunguka na dalali, tuktuk juu yangu, mwisho nikachukua moja huko Barani kwa hofu tu, 8,000 na depositi ya mwezi.

Kuhamia ndo naonja maji. Chumvi tupu! Mfereji ukikatika keateka anafungulia kisima, chai hainyweki, nguo zakauka ngumu ka ngozi ya mbuzi, ikabidi ninunue mitungi ya mkokoteni kila siku. Weka mitungi, weka tuktuk ya kazini kwenda na kurudi, jamani ile 9,000 ya Muyeye ilikuwa rahisi.

Kwa hivyo kama waweza kuvumilia, vumilia mpaka Mei au Juni. Hoteli nyingi zimefunga, watu wamerudi kwao, vyumba vimekaa vitupu na mwenye nyumba ndo anakupigia wewe simu. Tena mvua inanyesha, utaona dari yavuja wapi na uchochoro gani unajaa maji, mambo ambayo dalali wa Desemba hakwambii ng'o. Mi nilihama Juni, mama mwenye nyumba akataka 8,000, nikamwambia nina 6,000 na nalipa miezi mitatu kwa mpigo, tukakutana 6,500 na tukaandika kwamba mwaka mzima haipandi. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari. Maana baraza la kodi za nyumba, lile la kuamua kesi za wapangaji na wenye nyumba, kisheria ni la nyumba ambazo kodi haizidi 2,500 kwa mwezi, sasa bedsita ya hela hiyo utaipata wapi leo?

Na ukienda kuangalia nyumba usione haya, fungulia mfereji uonje. Huyu mama aliponiona nakinga kiganja alicheka, akanambia, "Mwanangu, we ushaumwa mahali."