Je, Sadfa Ndiyo Iliyowaua Romeo na Juliet?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma fasihi hapa Nairobi. Mwongozo nilionunua mjini unasema Romeo na Juliet waliuawa na sadfa kwa kuwa barua ya mtawa ilipotea. Tanzia inayotegemea bahati mbaya si imesukwa vibaya? – Msomaji, Umoja

JIBU: Marahaba. Swali hili hunijia kila muhula, na karibu kila mara chanzo chake ni mwongozo, si tamthilia yenyewe ya Shakespeare. Barua hiyo, ya Mtawa Laurence kumweleza Romeo kwamba Juliet amekunywa dawa ya usingizi tu wala hajafa, haikupotea! Fungua tendo la tano, onyesho la pili. Mtawa John, aliyetumwa Mantua alikofukuziwa Romeo, alimtafuta mtawa mwenzake wa kufuatana naye safarini, akamkuta akiwatazama wagonjwa. Wakaguzi wa mji wakashuku kwamba nyumba waliyomo imeingiwa na tauni, wakaifunga milango kwa muhuri. Barua ikarudi mikononi mwa Mtawa Laurence. Naam, hiyo ni sadfa, na watazamaji wa London hawakuiona ya ajabu: tauni ilikuwa imefunga hata kumbi zao za maigizo mwaka 1593.

Sasa rudi tendo la tatu. Laurence alimwahidi Romeo kwamba habari atampelekea kupitia mtumishi wa Romeo mwenyewe, yaani Balthasar. Mambo yalipochacha akamtuma mtawa, na Balthasar hakuambiwa lolote. Kijana wa watu akamwona Juliet akilazwa kaburini, akapanda farasi mara moja, akafika Mantua na habari ya kifo. Romeo anamuuliza mara mbili kama ana barua ya mtawa. Hana. Mtu aliyetarajia barua kiasi hicho angesubiri walau kukuche. Yeye anatoka papo hapo kumtafuta mwuza dawa fukara amuuzie sumu. Tauni ina mkono gani hapo? Wala si tauni iliyomfanya baba yake Juliet aisogeze harusi ya kumwoza mchumba aliyemchagulia kutoka Alhamisi hadi Jumatano.

Kisa hiki Shakespeare alikikuta katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, na mtawa kuzuiwa na tauni kulikuwamo tayari. Alichobadilisha ni muda: mapenzi ya miezi aliyabana yakawa ya siku chache. Watu wenye haraka na siri nyingi hivyo, kikwazo kidogo tu huwamaliza. Huo si usukaji mbaya hata kidogo.

Kinachonikera ni hao wanaouza makaratasi yaliyobanwa pini, yenye kichwa "Mbinu za Uandishi", ambamo sadfa imepewa mstari mmoja na mfano mmoja wa uongo. Siku hizi yanasambazwa hata WhatsApp kama "maswali yatakayokuja", na wazazi wanayalipia. Aliyeandika "barua ilipotea" hakusoma onyesho lenye mistari isiyofika hata thelathini na tano. Huyo huyo ndiye anayewafundisha watoto wetu kuhusu wahusika kama Mercutio na Tybalt, na kuhusu vitabu vingine vyote vilivyomo humo. Ukishapata mwongozo wa namna hiyo, usiufanyie masahihisho. Uweke kando, usome tamthilia.