Vernia ya dijitali inatosha kupimia krenki na silinda?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimefungua injini ya petroli ya silinda nne na nataka kuifunga upya mwenyewe hapa nyumbani. Nina vernia ya dijitali inayosoma hadi milimita 0.01. Je, inanitosha? Kama haitoshi, nianze kununua kipimo gani?

JIBU: Nzuri, ndugu. Vernia yako haitoshi kwa krenki wala silinda. Kuonyesha 0.01 kwenye kioo si sawa na kupima kwa usahihi huo. Vernia nyingi za dijitali hukosea kwa 0.02 au 0.03, na ukizibana taya kwa nguvu kosa linazidi. Nafasi ya oili kati ya krenki na beringi (vipande vya chuma laini ambamo krenki huzunguka) kwenye injini nyingi za magari madogo ni takriban 0.02 hadi 0.06 tu. Kosa la chombo peke yake linaweza kukufanya uone beringi nzima wakati imekwisha.

Kazi ya vernia ni kukuambia ununue maikromita (kipimo cha skrubu chenye usahihi zaidi ya vernia) za ukubwa gani. Pima kwanza shingo za krenki, yaani pale inapokaa kwenye beringi, kisha pistoni. Mara nyingi utahitaji maikromita za nje za milimita 25–50, 50–75 na 75–100. Hakikisha kila moja ina fimbo yake ya kurekebishia sifuri, kwani bila hiyo huna namna ya kujua kama inasema kweli. Unapoisoma, angalia ule mstari wa nusu milimita. Anayeanza huuruka, akapata jibu lenye kosa la 0.50 kamili.

Kisha nunua boa geji ya saa, yaani kipimo chenye mshale cha kupimia kipenyo cha ndani ya tundu. Ya 50–160 inafaa silinda, na ya 35–60 inafaa beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Hiki ndicho chombo ninachokusihi usikibanie fedha, kwa sababu kinafanya kazi pamoja na maikromita. Tuseme shingo ya krenki imesoma 47.98. Funga maikromita hapo hapo 47.98, ingiza boa geji katikati ya taya zake, uweke sifuri. Sasa weka beringi kwenye konrodi, funga kepu (kifuniko chake) kwa torki ya kitabu, yaani nguvu ya kukaza bolti iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, ingiza geji na uiyumbishe taratibu mbele na nyuma. Mshale utakwenda, utasita, utarudi: pale unapogeukia ndipo kipimo chenyewe. Ukionyesha tundu limezidi sifuri kwa 0.04, hiyo ndiyo nafasi ya oili, huna haja ya hesabu nyingine. Hata kama maikromita ina kosa la 0.005, kosa hilo limeingia pande zote mbili na limejifuta. Pima wima, mbali na maungio ya nusu mbili za beringi, kwani beringi nyingi huwa nyembamba kidogo karibu na maungio na zitakudanganya kwamba nafasi ni kubwa.

Silinda ipime juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa mkato wa msalaba. Tofauti ya juu na chini ni kupanuka kwa koni. Tofauti ya msalaba ni uyai, yaani tundu kutokuwa duara kamili.

Joto nalo lina sehemu yake. Pistoni ya alumini ya milimita 85 ikipanda nyuzi 10 za sentigredi huongezeka karibu 0.02. Acha vyuma na vipimo vilale chumba kimoja usiku kucha, na usishike pistoni mkononi muda mrefu kabla ya kuipima.

Geji za teleskopu (fimbo zinazotanuka ndani ya tundu, kisha hupimwa kwa maikromita) ni rahisi, lakini zinategemea mno wepesi wa mkono, kwa hiyo nisingezipa kazi ya beringi. Kama boa geji ndogo imekushinda kwa sasa, tumia plastigeji, uzi laini wa plastiki unaowekwa kati ya shingo na beringi, kwenye konrodi: futa oili yote, funga kwa torki, usizungushe krenki hata kidogo, fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na karatasi yake ya vipimo. Haitakuonyesha uyai wa shingo, kwa hiyo maikromita bado ni lazima. Kwa nafasi za ringi na unyoofu wa silinda hedi, seti ya fila geji (vibati vyembamba vya unene unaojulikana) na rula nyoofu ya fundi zinatosha.

Beringi usinunue hadi shingo zote ziwe zimepimwa na kuandikwa. Ikiwa hata moja imetoka nje ya kiwango cha kitabu, krenki itahitaji kusagwa, na beringi zitakuwa za 0.25 au 0.50, yaani nene zaidi kufidia chuma kilichosagwa, si za kawaida.