Re: Nimeteuliwa kukagua wodi ya akili, siku ni moja tu. Niangalie nini?

Mkuu, umesema mmepewa fomu ndefu ya kuweka alama na siku moja ya kukagua wodi ya akili ya hospitali ya kaunti huku Kisumu, na hujui pa kutia mkazo. Fomu ijazeni, ofisi inaitaka. Shida yake ni kwamba huuliza kama kitu kipo: rejista ipo? mwongozo upo? Jibu huwa ndiyo. Wewe uliza kama kilitumika usiku wa kuamkia Jumapili.

Mkiweza kuchagua saa, fikeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla zamu ya usiku haijatoka. Hesabu wahudumu unaowaona kwa macho, ndipo usome rota ukutani. Rota inaweza kuwa na manesi watatu, wodini ukamkuta mmoja na askari wa lango. Nesi mmoja mwenye wagonjwa arobaini hawezi kumtazama mtu kila dakika 15, kwa hiyo fomu ya uangalizi iliyotiwa sahihi kila robo saa usiku kucha ikutie shaka. Isogeze karibu na mwanga. Sahihi za saa sita, saa saba na saa nane zikiwa na wino mmoja, mwinamo mmoja, zimeshuka kama zilizopigwa rula, basi zilijazwa kwa mkao mmoja asubuhi. Na safu nzima ya wagonjwa wenye presha 120/80 na joto 36.5? Wodi ya namna hiyo haijawahi kuwapo.

Halafu toa mafaili kumi: matano ya waliolazwa wiki hii, matano ya waliopitisha miezi mitatu. Kwa wale wapya tafuta kipimo cha malaria, sukari ya damu na HIV, vyote vya siku ya kwanza. Huku ziwani mtu huletwa amefungwa kamba, anapayuka, kumbe ni malaria imepanda kichwani. Faili isiyo na kipimo hicho ni kosa zito kuliko rangi ya ukuta iliyobambuka, ingawa rangi ndiyo huwa ya kwanza kwenye ripoti nyingi. Kwenye mafaili yote kumi, soma pia mgonjwa aliingiaje. Hati ikisema alikuja kwa hiari na kadeksi (kumbukumbu za manesi) ya siku hiyo ikisema aliletwa na polisi akiwa na pingu, mojawapo inadanganya. Kama aliletwa kwa kujaribu kujiua, hakikisha hakuna aliyeandika kwamba akipona arudishwe kituoni: Januari 2025 Mahakama Kuu ilishaamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba.

Dawa ndipo penye kazi. Chagua mgonjwa mmoja aliyedungwa sindano ya kutuliza wiki hii, umfuate yeye tu. Nani aliagiza, kipimo gani, kwa sababu gani? Baada ya sindano, presha, mapigo, pumzi na fahamu zilipimwa kila dakika 15 kwa saa ya kwanza? Klopromazini ya sindano hushusha presha, mtu akiinuka ghafla anaanguka. Haloperidoli hukaza misuli: shingo inapinda, macho yanageuka juu, ulimi unajikunja, na jamaa waliokuja kumtazama huona mapepo yamezidi. Dawa ya kuondoa hali hiyo ni benzheksoli au nyingine ya kundi lake. Stoo yenye haloperidoli tele na benzheksoli sufuri haiko salama, hata kama kila kadi imejazwa. Kisha piga hesabu: ampuli zilizotoka stoo mwezi huu dhidi ya zilizoandikwa kwenye chati. Za kwenye chati zikipungua, labda nyingine zimeibwa. Labda pia watu wanadungwa bila kuandikwa, na hilo ndilo la kutisha zaidi.

Lithiamu, dawa ya kusawazisha hisia, usiipite. Damu hupimwa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Kwa joto la Kisumu, maji ya bomba yakikatika siku mbili, mgonjwa anakauka na lithiamu inapanda: kutetemeka, kutapika, kuhara, kuyumba. Akipewa diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, inapanda zaidi. Kwa hiyo jerikeni la maji ya kunywa liandikwe kwenye ukurasa wa dawa, hata kama fomu imeliweka upande wa usafi.

Kama wanatibu kwa umeme, ulizia ganzi ya usingizi, oksijeni, na suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli) iliyohifadhiwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 yenye daftari la joto. Hivyo vikikosekana, mashine isiwashwe.

Chumba cha kutengwa: watakuambia hakitumiki. Tazama komeo la nje. Likiwa limeng'aa kwa kushikwa na rejista iliandikwa mara ya mwisho miezi minne iliyopita, komeo linajua zaidi. Ingia, funga mlango, angalia kama aliye nje anakuona kila pembe.

Mwombe kila mhudumu wa zamu, mmoja mmoja, akuonyeshe ufunguo wa mlango wa dharura. Mwombe nesi akuletee ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa aliyeacha kupumua, aiunganishe na oksijeni, wewe ukitazama saa. Dakika tatu zikipita, andika. Mara nyingi ambu ipo, ila imo kabatini na ufunguo umeenda nyumbani na inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi.

Choo, godoro, chakula: nusu saa yatosha, mradi uonje ugali wenyewe.

Kuongea na wagonjwa, wahudumu wasiwepo, na mkalimani wa Dholuo au Kiluhya asitoke wodi hiyo. Usiulize kama wanahudumiwa vizuri. Uliza jana usiku walikunywa maji wapi, na nyumbani walipiga simu lini. Msafishaji naye ana mengi. Ulizia pia walioruhusiwa kwenda nyumbani ila bado wapo kwa sababu ya bili au jamaa kutopatikana. Wahesabu peke yao, maana wanajaza vitanda na takwimu haziwaonyeshi.

Alama zenyewe, kama kamati haina mfumo, chukueni ngazi nne za QualityRights, mwongozo wa WHO wa 2012 wa kukagua huduma za afya ya akili: limetimia, limetimia nusu, limeanzwa, halijaanzwa. Kila dosari ipewe mtu na tarehe. Ambu, funguo na benzheksoli visisubiri ripoti, mwambieni inchaji kabla hamjatoka getini. Kisha rudini ndani ya wiki sita, usiku, bila barua.